Kuchagua Programu ya Kuhifadhi Podikasti na Video kwenye Seva Yako Mwenyewe

Tangu tarehe 19 Februari 2025, video za matangazo ya moja kwa moja zinazorushwa kupitia Facebook hubaki kwenye mtandao huo kwa siku 30 tu, kisha huondolewa. Misikiti, makanisa, vyuo na redio ndogo ambazo kwa miaka mingi zilirusha darsa, ibada na mijadala kupitia kurasa zao, zikiamini kwamba kilichorushwa kimehifadhiwa, zimelazimika kutafuta ghala jingine. Mwaka uliotangulia Google ilikuwa imeifunga huduma yake ya Google Podcasts, na wasikilizaji wakatakiwa kuhamishia orodha zao kwingine. Matukio hayo mawili yanatosha kueleza kwa nini watu binafsi na taasisi wanaulizia programu ambazo wanaweza kuziendesha wenyewe, kwenye kompyuta iliyo ndani ya jengo lao, ili zikusanye vipindi na video, zivipange, na kuwawezesha watu kuvitazama na kuvisikiliza bila kutegemea kampuni ya mbali.

Programu za namna hiyo zipo nyingi, na nyingi kati yake ni huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na za bure. Wingi huo ndio unaomchanganya anayeanza, hata mara nyingi akaishia kusakinisha ile yenye picha za kuvutia zaidi kwenye ukurasa wake wa utangulizi. Mwongozo huu unapendekeza kipimo kingine ambacho, kwa maoni yangu, kinapaswa kutangulia vyote: programu ikiondolewa leo, ni nini kitakachobaki kwenye diski? Hifadhi ni faili pamoja na maelezo yake. Miradi mingi ya programu huria huendeshwa na mtu mmoja au wawili wanaojitolea, na hakuna awezaye kuahidi kwamba wataendelea kuihudumia kwa miaka 10 ijayo, ilhali rekodi ya bibi aliyesimulia asili ya mtaa wake itatafutwa na wajukuu wa watu ambao leo hawajazaliwa.

Tenganisha kazi kabla ya kuchagua

Anayesema anataka programu ya kuhifadhi video kwa kawaida anataka mambo matatu yaliyo tofauti. La kwanza ni kukusanya, yaani kupakua video mpya za chaneli fulani au vipindi vipya vya podikasti fulani kila vinapotoka. La pili ni kutazama na kusikiliza kile kilichokusanywa, kwenye simu, runinga au kompyuta, kwa utaratibu unaokumbuka mtu aliishia wapi. La tatu ni kurusha: kuwapa watu wa nje rekodi zako kupitia tovuti yako. Hakuna programu inayofanya yote matatu vizuri, na anayeitafuta hupoteza muda mwingi. Andika kwenye karatasi ni kazi ipi unayoihitaji hasa, na maudhui ni ya nani. Mtu anayehifadhi rekodi za taasisi yake mwenyewe na mtu anayehifadhi chaneli za wengine kwa ajili ya kujisomea hawafai kuanza na programu moja.

Anayehifadhi rekodi zake mwenyewe zilizoko YouTube asianze kwa kuzipakua kwa programu yoyote. YouTube Studio humruhusu mwenye chaneli kupakua video zake, lakini nakala anazopewa ni za MP4 zilizopunguzwa ubora. Huduma ya Google Takeout, kwa upande mwingine, humpa chaneli yote kwa pamoja, mara nyingi katika muundo ule ule aliopakia. Omba nakala ya Takeout kwanza, uiweke mahali salama, ndipo uendelee na mengine.

Hesabu ya nafasi, na suala la umeme

Ukubwa wa hifadhi hauhitaji kubahatishwa. Sauti ya mazungumzo iliyobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde huchukua takriban MB 29 kwa saa, na kwa kilobiti 128 huchukua takriban MB 58. Video ya 720p inayotumia megabiti 2 kwa sekunde huchukua GB 0.9 kwa saa, na ya 1080p inayotumia megabiti 4 huchukua GB 1.8. Taasisi inayokusanya saa 5 za video ya 720p kila wiki itajaza takriban GB 234 kwa mwaka, kwa hiyo diski moja ya TB 4 itaitosha kwa zaidi ya miaka 15. Kwa upande wa bando, hizo ni karibu GB 20 kwa mwezi. Kwa maudhui ambayo ni mtu mmoja anayezungumza mbele ya kamera, 720p inatosha kabisa. Ubora wa juu zaidi uwekewe rekodi zako asilia, ambazo hakuna mwingine anayezitunza.

Diski si tatizo kubwa katika mazingira yetu. Tatizo ni umeme unaokatika wakati hifadhidata, yaani orodha ambamo programu huweka maelezo ya kilichohifadhiwa, inaandikwa. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inafaa kwa kazi hii kwa sababu haili umeme mwingi, lakini kadi ya kumbukumbu ambayo kwa kawaida ndiyo huiwashia huharibika upesi umeme unapokatika ghafla, hivyo ni afadhali kuiwasha kutoka SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka. Chaguo ambalo watu wengi hulipuuza ni kompyuta mpakato iliyotumika: ina betri yake, na betri hiyo, hata ikiwa imechoka, huipa mashine dakika za kutosha kujizima kwa utaratibu. Diski ya nje yenye mfumo wa faili wa exFAT haina kumbukumbu ya mabadiliko inayoilinda faili iliyokuwa ikiandikwa, kwa hiyo diski itakayokaa kwenye seva ya Linux iwekewe mfumo wa ext4, ambao unayo. Na ikiwa bajeti inaruhusu UPS, yaani betri ya akiba inayoshika umeme unapokatika, inunuliwe kabla ya diski ya pili.

Video: Tube Archivist au Pinchflat?

Nyuma ya karibu kila programu ya kukusanya video kuna chombo kimoja, nacho ni yt-dlp, cha kupakua video kwa amri za maandishi, kilichotokana na youtube-dl. Hiyo youtube-dl ndiyo iliyoondolewa GitHub, tovuti ambako miradi ya programu huwekwa, mwezi Oktoba 2020 kwa malalamiko ya chama cha kampuni za muziki za Marekani, kisha ikarejeshwa mwezi uliofuata. YouTube hubadilisha mifumo yake mara kwa mara, na kila inapobadilisha, yt-dlp hulazimika kufuata. Tangu mwishoni mwa 2025, kwa mfano, yt-dlp inahitaji pia programu ya kuendesha JavaScript, kama vile Deno, ili iweze kupata miundo yote ya video za YouTube. Kwa mchaguaji, maana yake ni hii: usiulize tu programu ina vipengele gani, uliza yt-dlp iliyo ndani yake husasishwa kwa kasi gani. Tazama tarehe za matoleo ya mradi kwenye GitHub. Mradi ambao haujatoa chochote kwa mwaka mzima unaweza kuwa haupakui tena, hata kama ukurasa wake bado unapendeza.

Tube Archivist ndiyo yenye sura kamili zaidi. Unaipa chaneli, inapakua, inahifadhi maelezo, maoni na manukuu (maandishi ya kinachosemwa), kisha inakupa kurasa za kutazamia zinazofanana na YouTube yenyewe. Uwezo wake mkubwa ni utafutaji, kwa maana inaweza kutafuta hata maneno yaliyomo ndani ya manukuu. Lakini utafutaji huo unaendeshwa na Elasticsearch, hifadhidata ya utafutaji, na pembeni yake kuna Redis, inayoshika data ya muda, kwa hiyo mashine yenye RAM ya GB 4 ndiyo mwanzo wa busara, na kuna vipande vitatu vya kuvitunza badala ya kimoja. La kuangalia zaidi ni jinsi inavyoziita faili: folda ya kila chaneli hupewa kitambulisho cha chaneli, na kila video hupewa kitambulisho cha video, yaani herufi na tarakimu zisizomwambia binadamu lolote. Majina, tarehe na maelezo yamo ndani ya Elasticsearch. Hifadhidata ikiharibika na nakala rudufu isiwepo, utabaki na folda lenye mamia ya video ambazo itakubidi uzifungue moja moja ili ujue ni za nini.

Pinchflat imejengwa kwa mtazamo wa kinyume. Ni kontena moja la Docker, yaani kifurushi chenye kila inachohitaji ili kufanya kazi, inatumia SQLite, hifadhidata iliyo faili moja tu, na haijaribu kuwa mahali pa kutazamia. Kazi yake ni kupakua kwa kufuata kanuni ulizoweka na kuziandika faili kwa majina uliyochagua, zikifuatana na picha, manukuu na faili za maelezo za NFO ambazo programu za kutazamia za Jellyfin, Plex na Kodi huzisoma moja kwa moja. Unaweza kuamua kwamba kila video ikae kwenye folda la chaneli yake, kisha folda la mwaka, na jina lianze na tarehe iliyoandikwa mwaka, mwezi, siku, ili zijipange zenyewe kwa mfuatano. Inaweza pia kuchukua sauti pekee na kutoa mlisho wa RSS, yaani orodha ya vipindi ambayo programu za podikasti huisoma, hivyo chaneli ya YouTube ya mihadhara ikasikilizwa kama podikasti.

Kwa kipimo nilichokitaja mwanzoni, Pinchflat ndiyo ninayoipendekeza kwa taasisi nyingi na kwa karibu kila mtu binafsi. Tube Archivist ina mahali pake kwa mtafiti au chumba cha habari ambacho mahitaji yake ya kila siku ni kupata nani alisema nini, na ambacho kina mtu wa kuihudumia. Hata hapo, usiweke matumaini makubwa mno kwenye utafutaji wa Kiswahili. Elasticsearch haina kanuni zake za kuchambua lugha yetu kama ilivyo nazo kwa Kiingereza, Kifaransa au Kiarabu, kwa hiyo anayetafuta “kitabu” hataletewa palipotajwa “vitabu”, na anayetafuta “kulima” hataletewa “wanalima”. Dawa yake ni ya mkono: katika maelezo ya kila rekodi yako, andika jina kamili la mzungumzaji, mahali, na maneno makuu kwa umoja na wingi.

Kwa kutazama, Jellyfin inatosha. Ilijitenga na Emby, programu nyingine ya kutazamia, mwishoni mwa 2018, Emby ilipoacha kuwa huria, na haina sehemu za kulipia. Husoma folda ulizonazo bila kuzihamisha, na ukiipanga maktaba kama tamthilia, kila chaneli ikawa tamthilia na kila mwaka ukawa msimu, mpangilio wa Pinchflat huingia bila usumbufu. Kazi inayoilemea mashine dhaifu ni kugeuza muundo wa video wakati mtu anatazama. Iepuke kwa kuiagiza programu ya kupakulia ichague ubanaji wa H.264 katika faili za MP4. Faili zitakuwa kubwa kidogo kuliko za ubanaji mpya zaidi wa AV1, lakini karibu kila simu na runinga itazicheza jinsi zilivyo, na hata mashine ya zamani itaweza kuwahudumia watazamaji kadhaa kwa wakati mmoja.

Aliyezoea kuandika amri anaweza kuziacha zote hizo na kutumia yt-dlp yenyewe, ikiitwa na cron, kipanga ratiba cha Linux, kila usiku. Chaguo la `--download-archive` huandika orodha ya kilichokwisha kupakuliwa ili kisirudiwe, `--write-info-json` huhifadhi maelezo yote kando ya video, na `--limit-rate` huizuia isiumeze mtandao wa ofisi nzima. Kwa video moja moja, MeTube inakupa kisanduku cha kubandika anwani kwenye kivinjari, na hakuna zaidi ya hapo la kueleza.

Podikasti ni rahisi zaidi, isipokuwa kwa jambo moja

Podikasti ya kweli ni mlisho wa RSS unaotaja faili za sauti zilipo, na yeyote anaweza kuusoma. Vipindi vilivyofungiwa ndani ya huduma moja, kama vile vya Spotify pekee visivyo na mlisho, haviwezi kukusanywa kwa njia hii.

Audiobookshelf ndiyo chaguo langu bila kusita sana. Iliundwa kwa ajili ya vitabu vya kusikiliza, na utaratibu wake wa kukumbuka mahali msikilizaji alipoishia unafanya kazi kwenye kivinjari na kwenye programu yake ya Android. Inapokea orodha ya OPML, yaani faili ya podikasti unazozifuatilia, kutoka programu yako ya zamani, inakagua milisho kwa ratiba unayoipanga, na inaweka kila podikasti kwenye folda lenye jina lake, ndani yake faili za sauti za kawaida. Kila mtumiaji anaweza kuwa na akaunti na ruhusa zake, jambo linalofaa kwa shule. Unapoongeza podikasti, angalia sehemu ya idadi ya juu ya vipindi vya kuhifadhi: kwa hifadhi ya kudumu ibaki sifuri, yaani bila kikomo, vinginevyo vipya vitakuwa vinafuta vya zamani huku ukidhani unavitunza. Nakala rudufu inayojitengenezea yenyewe inahusu hifadhidata na picha, haihusu sauti, kwa hiyo folda la sauti linakiliwe kwa njia nyingine.

Jambo moja linalosumbua ni kwamba milisho mingi huonyesha vipindi vya karibuni tu. Mashirika ya habari, yakiwemo ya kimataifa yanayotangaza kwa Kiswahili, mara nyingi huondoa vipindi vya taarifa baada ya muda, na programu yako haiwezi kupakua kisichotajwa kwenye mlisho. Ratiba ya ukaguzi ifuate basi kasi ya kipindi: cha kila siku kikaguliwe kila siku, na seva isizimwe kwa wiki nzima ya likizo. Fahamu pia kwamba baadhi ya wenye podikasti huingiza matangazo ya biashara wakati wa kupakua, hivyo faili ya leo na ya mwezi ujao za kipindi kile kile zinaweza kutofautiana kwa urefu. Hilo si kosa la programu yako.

Ikiwa unataka kurusha

Hapa mzigo huongezeka, na kwa taasisi ndogo ningeshauri jambo hili lisubiri hadi hifadhi ya ndani imekaa sawa. Kwa podikasti kuna Castopod, iliyoandikwa kwa PHP na inayotumia MariaDB au MySQL, kwa hiyo inaweza kukaa hata kwenye huduma za kawaida za kukodisha tovuti. Kwa video kuna PeerTube ya shirika la Framasoft la Ufaransa, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2018. Seva za PeerTube huunganishwa, na watazamaji wa video moja husaidiana kuipakua ili seva isilemewe. Inaweza pia kutengeneza manukuu kwa kutumia Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ambayo Kiswahili kimo katika lugha zake, ingawa makosa ni mengi kiasi kwamba lazima mtu ayasahihishe. PeerTube nayo huzipa faili majina ya vitambulisho, kwa hiyo isiwe ndiyo hifadhi yako: itazame kama dirisha la kuonyeshea, na nakala asilia zibaki kwenye folda zenye majina yanayosomeka.

Kurusha kunaleta pia masharti ya kisheria. Nchini Tanzania maudhui ya mtandaoni yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, chini ya kanuni za mwaka 2020 na marekebisho yake, na huduma yako inaweza kuhitaji leseni. Rekodi za watu wanaotambulika zinagusa sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022. Video za wengine ulizopakua kwa kujisomea usizirushe upya bila ruhusa ya mwenye haki, na ufahamu kwamba masharti ya YouTube yenyewe hayaruhusu kupakua kwa njia ambazo haikuzitoa.

Kuifikia hifadhi ukiwa nje ya jengo, bila kuifungulia dunia nzima, ni suala jingine. Mitandao mingi ya simu na ya majumbani humweka mteja nyuma ya anwani inayotumiwa na wengi, hivyo kufungua mlango kwenye ruta hakusaidii kitu. Mtandao wa faragha (VPN) wa WireGuard kupitia seva ndogo ya kukodi, au Tailscale kwa asiyetaka kuhangaika, hutatua hilo.

Jaribu kabla ya kuamua

Usiingize chaneli 50 siku ya kwanza. Chagua chaneli moja na podikasti moja, acha programu ifanye kazi kwa wiki moja au mbili, kisha uipitishe kwenye majaribio haya. Chomoa umeme wakati inapakua, uuwashe tena, na uone kama inaendelea au inabaki na faili nusu inayoihesabu kuwa nzima. Mpe mtu asiye na utaalamu, mhazini au mwalimu, atafute rekodi fulani kwa simu yake, na wewe ukae kimya. Soma kumbukumbu za makosa na uone kama zinaeleweka. Halafu zima kontena na ufungue folda kwa kidhibiti faili cha kawaida: je, mgeni angejua kilichomo?

Nakala rudufu ipangwe wakati huo huo, kwa kuwa diski mbili zinazoakisiana ndani ya mashine moja hazizuii wizi, moto, wala amri ya kufuta iliyotolewa kwa makosa. Weka diski ya nje inayokaa jengo jingine na kuletwa mara moja kwa mwezi. Programu za nakala rudufu za Restic au Borg zitanakili mabadiliko pekee. Lakini zote mbili huhifadhi data kwa muundo wao wenyewe, kwa hiyo kwa hifadhi ambayo huenda ikarithiwa na mtu asiyezijua, nakala ya kawaida kwa amri ya rsync, ikiambatana na orodha ya sha256sum, yaani alama ya utambulisho, ya kila faili, ina faida ya kusomeka na yeyote. Orodha hiyo ndiyo itakayokuonyesha, mwaka ujao, kama kuna faili iliyoharibika kimyakimya.

Jaribio la mwisho lifanyike kwenye kompyuta nyingine isiyo na programu yoyote kati ya hizi. Chomeka diski ya nakala rudufu, tafuta kipindi kimoja kwa jina la mzungumzaji na tarehe, kicheze mwanzo, katikati na mwisho, kisha ufungue faili ya maelezo iliyo kando yake. Kikipatikana na kikacheza, ongeza chaneli ya pili.